Kuku Niliyempeleka kwa Lameck

Mwanangu Kabula,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la ukutani hapa gengeni, sufuria ya maharage iko motoni na kila nikiandika mistari miwili nainuka kuongeza maji. Mkono wangu unaujua, ni mkono wa darasa la tatu, kwa hiyo na wewe soma polepole kama ninavyoandika. Nikimaliza, Zainabu mwenzako atazipiga picha karatasi hizi aziweke kwenye lile kundi lenu la hadithi la kwenye simu, wazisome wote. Nimekubali mwenyewe, hakunilazimisha. Jambo lililokuharibia lilijulikana Mwakitolyo nzima, sasa nikikuomba radhi chumbani nitakuwa nimejificha, na mimi nimechoka kujificha.

Huko Katoro wanakulisha vizuri? Shangazi yako ananiambia umepungua. Akisema hivyo silali. Lakini si hilo nililokalia benchi kuandika.

Unakumbuka ulivyokuwa unanisomea hadithi zako nikichambua mchele? Unakaa hapo kwenye kizingiti, miguu nje, mgongo kwenye mlango, unasoma na huku unawafukuza kuku kwa mguu. Ukimaliza unaniuliza, "Mayu, unaionaje?" Nasema, "Nzuri, mwanangu." "Nzuri wapi?" "Nzuri yote." Unacheka. Siku moja ukaniambia, "Mayu, hata chai yako ina pahali pazuri na pahali pa kutema majani. Nionyeshe majani." Nikakuambia mimi sijasoma, majani ya hadithi nitayajulia wapi. Ukaendelea na nyingine.

Sasa hivi najua kwamba majani nilikuwa nayaona. Pale unapochosha palikuwa pananichosha, nahesabu mawe ya mchele. Lakini nilikuwa nikikutazama uso ulivyofunguka ukinisubiri, naona kama mtu ameniinulia mtoto mchanga kunionyesha. Nani anamwambia mzazi kwamba kichwa cha mtoto wake kimekaa upande?

Halafu mkaanza lile kundi la kusomeana hadithi. Ulipokuja kuniomba benchi za genge kila Jumapili wateja wakishakula, nilifurahi kuliko wewe. Nikajua nitakuwa nakuona. Nilipika michembe, viazi vyetu vya kukausha, na karanga, mtu asikae kwangu na njaa. Nilimpenda Zainabu tangu siku ya kwanza, yule fundi cherehani wenu wa Tabora, anavyomsalimu mtu mzima kwa magoti. Lameck nilimwogopa. Fundi simu, mtu wa Musoma, mrefu, hacheki ovyo, na akiongea ni kama anafungua simu ya mtu: anatoa mfuniko, anatoa betri, anakuonyesha pale palipooza.

Utaratibu wenu hukunieleza, Kabula. Nasema hivyo siyo kukurudishia lawama. Ungenieleza labda nisingeelewa. Nasema tu kwamba Jumapili ile nilikuwa pale jikoni namenya mihogo, mgongo kwenu na sikio kwenu, na sikujua kwamba kwenye kundi lenu mwenye hadithi haruhusiwi kujibu mpaka wote wamalize.

Ulisoma ile ya mama na binti wa machimboni. Baba anaingia kwenye duara, lile shimo la dhahabu, asubuhi, kifusi kinashuka, hatoki. Mama analia mpaka mwisho wa hadithi. Ulisoma vizuri. Ukakaa katikati, mikono umeibana kwenye magoti, ukainamisha kichwa. Wakaanza.

Zainabu akasema sentensi zako ndefu, amepotea njia kama mtu aliyeingia mtaa wa makarasha ya mawe usiku. Yule kijana anayefundisha shule ya msingi akasema mwisho umekimbizwa. Lameck akasubiri mpaka zamu yake. Akasema, "Huyu baba amekufa kabla hatujamjua. Mimi ninaambiwa nilie, lakini namlilia nani? Sijui hata alikuwa anavaa nini. Mwandishi anamficha huyu mtu. Anatuficha sisi au anajificha yeye, sijui, lakini anaficha."

Wote wakaitikia kwa vichwa. Nikageuka nikakuona shingo ilivyoinama. Kisu kikanisimama kwenye muhogo. Wakamaliza wote, ndipo ukainua uso ukasema, "Nimesikia. Asanteni."

Kabula, mimi nilishawahi kukiona kitu hicho, na hakikuwa hadithi. Nikiwa mtoto kwetu Ushetu, ng'ombe wa mjomba wangu waliingia shamba la tumbaku la jirani. Baraza likaitwa. Mjomba akakalishwa katikati, kila mtu akasema lake juu yake, tangu ng'ombe hao mpaka tabia zake za ujana, na yeye haruhusiwi kujibu. Walipomaliza akashukuru, akasema, "Nimesikia, wabeja." Kesho yake bibi yangu alinichukua, akanipa kuku nimshike miguu, tukaenda kwa yule mwenye tumbaku. Bibi akasema maneno machache, yule mzee akapokea kuku, wakala pamoja, na lile jambo likazikwa. Hakuna aliyelifukua tena. Kwetu ndivyo mama anavyomsafisha mtu wake.

Sasa mimi nikaona hivyo hivyo. Mwanangu amekalishwa katikati. Watu wamemshitaki, hakujibu, ameshukuru. Kosa lenyewe silijui, lakini limo kwenye yale makaratasi, na aliyeumia zaidi ni Lameck, maana ndiye aliyesema kwa uchungu. Nikajiambia, Mama Kabula, usimwache mtoto na deni hili.

Jumatatu nikamshika yule mtetea wangu wa shingo tupu, anayetaga kila mara, nikamfunga miguu kwa kitambaa, nikaenda kibandani kwa Lameck. Unapajua pale, ubavuni mwa makarasha, mawe yanasagwa mtu hasikii hata akiitwa. Akaniamkia, "Shikamoo mama. Kuku anauzwa?"

"Marahaba baba. Ni wako."

"Sikuagiza, mama."

"Nimekuja kumwombea mwanangu msamaha."

Hakunisikia. Akaweka mkono sikioni. Nikapaza sauti. Bado. Nikavuta pumzi nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, na hapo hapo mtu akazima karasha kubadilisha mawe. Basi sauti yangu ikabaki peke yake hewani: "NAOMBA UMSAMEHE KABULA, HATARUDIA TENA."

Kila mtu akageuka. Yule mwenye karasha, unamjua kwa mdomo wake, akasema, "Lameck, siku hizi mahari yanatoka upande wa mwanamke?" Mwingine akadakia, "Na kuku ni kishika uchumba, ng'ombe wako njiani." Wakacheka. Mimi nimesimama na kuku wangu, kichwa kinaning'inia chini, na yeye kuku amenyamaza kama anaona aibu.

Lameck hakucheka. Akaniuliza taratibu, "Hatarudia nini, mama?"

"Kuandika vibaya. Yale uliyosema jana. Bado mtoto, anajifunza."

Akanitazama. Nadhani pale pale alielewa. Angeweza kuniambia, Mama, sivyo, rudi na kuku wako. Lakini mtu mzima umri wa mama yake amesimama mbele yake na mtetea, na watu wanatazama. Akatoka kibandani, akapokea kwa mikono miwili, akainama kidogo. "Asante, mama. Hakuna ubaya." Nikarudi nyumbani mwepesi. Niliimba njiani, Kabula. Nilikuona umesafishika.

Jumapili iliyofuata ukasoma hadithi nyingine, ile ya binti anayeuza maji. Mimi jikoni nimetega sikio, roho imetulia. Zainabu akasema, "Imenigusa." Mwalimu akasema, "Nzuri sana, dada." Ikafika kwa Lameck. Akasugua mikono. "Nzuri. Sina la kuongeza." Mimi nikatabasamu kwenye masufuria. Nikasema moyoni, unaona, kuku amefanya kazi.

Nikageuka nione furaha yako. Ulikuwa umekaa na kalamu mkononi, karatasi tupu, unasubiri. Ukasema, "Lameck, una nini? Huumwi?" Akatazama chini. Mwalimu, kwa kutaka kuchekesha, akasema, "Tukisema sana tutaletewa mbuzi." Wakacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyejikwaa. Wewe ukatazama huku jikoni.

Ningependa kusahau ulivyonitazama. Siwezi.

Walipoondoka ulikuja ukasimama mlangoni. "Mama," ukasema. Siyo mayu. "Ulikwenda kwa Lameck?"

"Nilikwenda kukuombea msamaha."

"Msamaha wa nini?"

"Si walikushitaki?"

Ulianza kucheka. Ukacheka ukashika ukuta, na mimi nikaanza kucheka na wewe, nikidhani yameisha. Kumbe katikati ya kicheko ulikuwa umeshaanza kulia. Ukasema, "Mama, mimi nimezunguka na makaratasi haya tangu sekondari. Watu wananiambia hongera. Wale ndio wa kwanza kunisoma kweli. Sasa watakuwa wananionea huruma kama wewe."

Kama wewe. Hukusema kwa ukali. Ulisema kama mtu anayetaja jina la mtaa anaoishi.

Mavuno yalipoisha ukaniaga kwamba unakwenda Katoro kwa shangazi, kusaidia dukani. Nikakufungia michembe, ukapokea. Ukanipungia mkono vizuri tu. Ungenigombeza ningejua pa kushika. Unanipigia simu, unaniuliza mgongo, unaniuliza biashara, unanitumia salamu za kanisani. Kuhusu hadithi, hakuna. Nikikuuliza unasema, "Nimepumzika kidogo." Nimeishi na watu wanaosema wamepumzika kidogo, mwanangu. Najua maana yake.

Wenzako bado wanakuja Jumapili. Nilikuwa najificha jikoni, nawapelekea chai bila kuinua macho, halafu najikunyata kule kwenye kuni. Kila akikaa mtu kimya katikati na wengine wakaanza kusema, moyo unaniuma, naona ni wewe. Siku moja nilimfuata Lameck akinawa mikono. Nikamwambia, "Baba, mpigie Kabula. Mwambie hadithi yake ya maji ina makosa gani. Mwambie kwa ukali kama zamani."

Akafuta mikono kwenye suruali. "Mama, nimejaribu. Nimeandika ujumbe nimefuta, nimeandika nimefuta. Kwetu mtu mzima akishakupa kuku kwa unyenyekevu, wewe na mwanawe mmeshakuwa nyumba moja. Ulimi unakuwa mzito. Nikiona kosa lake nakumbuka ulivyosimama pale."

"Basi nikurudishie nini niufungue huo ulimi?"

Akacheka, mara ya kwanza namwona meno. "Kuku tulishamla, mama. Alikuwa mtamu." Kisha akawa mtu mzima tena. "Mwambie wewe. Wewe unamjua zaidi yetu, na hujawahi kumwambia kitu."

Jumapili iliyopita, basi, Zainabu aliitoa kwenye simu ile hadithi yako ya kwanza, ya mama na binti. Wakaniita nitoke jikoni nikae benchini pamoja nao, nikavua aproni. Akaisoma yote. Nimeisikiliza bila mchele, bila mihogo, mikono mitupu. Alipomaliza wakanigeukia. Zainabu akasema, "Mama, wewe unasemaje?"

Nikasema, "Nzuri."

Wakakaa. Hawakunikemea, wakakaa tu wakinisubiri, ndivyo mnavyofanya kumbe, mnamsubiri mtu mpaka atoe lililo ndani. Nilisikia maharage yanachemka. Nilijua la kusema, Kabula, nilikuwa nalo tangu siku ya kwanza ulipoisoma. Lakini mdomo haukufunguka mbele yao. Nikasema nitamwandikia mwenyewe.

Kwa hiyo naandika. Usinijibu mpaka nimalize, ndio utaratibu wenu.

Mama kwenye hadithi yako analia mno. Pale pa tatu anapolia nilichoka. Samahani. Hapana, sisemi samahani, Zainabu ameniambia hatusemi samahani. Pale pa tatu nilichoka.

Yule binti hasemi lolote la kwake, anamtazama mama tu. Nilitaka kujua yeye alikuwa anataka nini.

Na yule baba, Lameck alisema kweli, unamficha. Mimi najua kwa nini unamficha, wao hawajui. Hapa machimboni mtu haulizwi katoka wapi na mumewe yuko wapi, na sisi hatukusema, tukakaa na kimya chetu kama watu wenye msiba. Ulipomuua kwa kifusi, mimi kule jikoni niliona raha. Mungu anisamehe. Nikasema, mwanangu amenipa heshima, amenifanya mjane. Mjane anapewa pole. Aliyeachwa anapewa macho. Hadithi ilikuwa imekuja kunifunika, na nilijua inanifunika, na uliponiuliza jioni ile nikakuambia nzuri yote.

Baba yako hakufa, Kabula. Yuko huko huko Geita uliko, shangazi yako anajua anapoishi na anaishi na nani, na sasa kila atakayesoma barua hii naye anajua. Uso unanichoma nikiandika. Nimeinuka nimezunguka genge nimerudi.

Mtoe kwenye kifusi. Hadithi yako inaumwa hapo. Lameck anauliza alivaa nini. Alivaa shati la bluu la mikono mirefu. Asubuhi ile alikunywa uji akamaliza, akasema kifungo cha kifuani kimekatika, nimshonee, asionekane mchafu huko aendako. Alisema anakwenda kuangalia duara jipya. Mimi nilikuwa nimeshasikia habari za yule mwanamke wake mwingine, wiki nzima nilikuwa nimezisikia. Nikachukua sindano. Macho yangu hayakuona tundu, nikakuita wewe, ukapitisha uzi, ukanipa. Ulikuwa na sare za shule. Nikashona nikikaza, kifungo kisikatike njiani, nikakata uzi kwa meno, karibu kabisa na kifua chake, na sikusema kitu. Alisema asante. Akaenda.

Mimi sikulia siku ile. Nilifua. Huyo mama unayemwandika halii, anafua. Hata vile visivyo vichafu.

Sijui kama hicho kitu kinafaa kwenye hadithi. Labda ukikiandika watu watasema mama huyu mpumbavu, anamshonea mwanaume kifungo cha kwendea kwa mwingine. Waache waseme. Wakisema, usinitetee. Kaa kimya mpaka wamalize, na mimi nitakaa hapo hapo benchini nisikie, sitakwenda kwa mtu na kuku.

Ukiona nimekosea, niandikie nilikokosea mimi. Ukiona nimekuumiza, basi nimekuumiza, sitakutumia michembe ya kukubembeleza. Lakini hadithi ile siyo nzuri bado, mwanangu. Irudie.

Mimi niliyekuzaa na kukuogopa,
Mama yako